Jino la kupandikizwa: Yajue haya kabla ya kufungua kibeti

Umewahi kumwona mtu mzima akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja? Yamkini ulidhani ni haya. Mara nyingi si haya bali ni pengo. Jino la mbele lilitoka kwa kuoza, kwa ajali ya matatu au kwa kijiwe kilichojificha ndani ya githeri, na tangu siku hiyo mwenyewe hapendi kupigwa picha wala kusimama mbele ya watu kusema.

Labda mtu huyo ni wewe, msomaji, au ni mumeo, mkeo au mzazi wako. Na labda mmekwisha kusikia kwamba siku hizi kuna jino ambalo halivuliwi usiku na kutiwa gilasini, bali hupandikizwa ndani ya taya likakaa kama lile la kuzaliwa.

Habari hizo si za uongo. Kazi hiyo ipo, imefanywa kwa miaka zaidi ya 60 na imewafaa wengi. Lakini jino moja laweza kumeza karo ya mtoto, na wapo waliolipa pesa zote hizo, kisha jino likalegea na kung'oka. Mara nyingi kilichowaponza ni jambo ambalo wangelijua mapema kama wangeuliza. Mambo hayo ndiyo tunayotaka uyajue leo, kabla hujaketi kwenye kiti cha daktari.

Ni kitu gani hasa?

Jino la kuzaliwa lina sehemu mbili. Kuna ile unayoiona ukicheka, na kuna mzizi uliozama ndani ya taya. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hurudisha ile ya juu peke yake. Kipandikizi hurudisha mzizi.

Kipandikizi chenyewe ni skrubu ndogo ya madini ya titani, yenye urefu wa sentimita moja hivi. Daktari huipachika ndani ya mfupa wa taya. Juu yake hufungwa kiungo kidogo, na juu ya kiungo hicho ndipo hukaa jino lililotengenezwa na fundi lifanane na wenzake kwa rangi na umbo.

Hamu ya binadamu ya kujaza pengo si ya leo. Mnamo 1931, nchini Honduras, lilichimbuliwa taya la mtu wa jamii ya Wamaya aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vya kombe vilivyochongwa mfano wa meno na kupachikwa mahali pa meno yaliyotoka.

Kazi ya kisasa ilianza kwa bahati. Mwaka wa 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi mfupa unavyopona. Alipachika vifaa vidogo vya titani katika miguu ya sungura ili atazame damu inavyopita. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, vilikataa kutoka. Mfupa ulikuwa umevishika kana kwamba ni sehemu yake.

Mwaka wa 1965 alimtibu mgonjwa wa kwanza mjini Gothenburg. Huyo alikuwa Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alipofariki 2006, vipandikizi vyake vilikuwa vingali mdomoni na vinafanya kazi. Vilikuwa vimemtumikia kwa miaka 40.

Kwa hivyo uwezekano wa kufaulu ni mkubwa. Kwa jumla, zaidi ya vipandikizi tisa katika kila kumi huwa vingalipo baada ya miaka 10. Swali lako liwe hili: utafanya nini ili chako kisiwe kile cha kumi?

Kwanza, je, ni lazima jino ling'olewe?

Watu wengi mijini humwendea daktari jino likiwa limekwisha kuuma wiki nzima, na neno la kwanza wanalomwambia ni, "Ling'oe, daktari, nipumzike." Ukiwa na maumivu ni rahisi kusema hivyo. Lakini jino lililotoboka au lililooza hadi ndani mara nyingi laweza kuokolewa kwa kusafishwa mzizi na kuzibwa. Kazi hiyo kwa kawaida hugharimu pesa chache kuliko kipandikizi, na hakuna jino la bandia lililo bora kuliko lako mwenyewe. Uliza kwanza kama laweza kuokolewa.

Ikiwa haliwezi, uliza swali la pili siku hiyo hiyo: "Na baada ya kuling'oa, pengo hili litazibwa kwa nini?" Mfupa wa taya kazi yake ni kushika jino. Jino likiondoka, mfupa huo huanza kupungua, na hupungua zaidi katika mwaka wa kwanza. Mtu aliyekaa na pengo miaka kumi huenda akaambiwa kuwa mfupa uliobaki hautoshi kushika skrubu. Hapo itabidi aongezewe mfupa kwanza, na hiyo ni gharama nyingine na miezi mingine ya kungoja.

Nani asiwe na haraka?

Kipandikizi hakimfai kila mtu, na kuna wanaofaa kutengeneza mambo mengine kwanza. Usimfiche daktari lolote kati ya haya:

Kisukari. Mgonjwa ambaye sukari yake imedhibitiwa huweza kupandikizwa bila shida kubwa. Ambaye sukari yake inapanda na kushuka, kidonda chake huchelewa kupona na hatari ya kuambukizwa huongezeka.

Sigara. Kwa mvutaji hatari ya kipandikizi kukataa ni karibu maradufu ikilinganishwa na asiyevuta. Moshi hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, na bila damu mfupa hauponi.

Ugonjwa wa fizi. Kama meno yako yalilegea kwa sababu ya fizi zilizojaa ukoga na usaha, ugonjwa uo huo utakishambulia kipandikizi. Tibu fizi kwanza. Daktari anayekimbilia kupandikiza jino katika kinywa chenye fizi zinazovuja damu hakutendei mema.

Dawa. Mwambie daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au zile za kutia mifupa nguvu ambazo hupewa wazee wenye mifupa myepesi na baadhi ya wagonjwa wa saratani. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwambie pia kama uliwahi kuchomwa kwa miale kichwani au shingoni kutibu saratani.

Kusaga meno usiku. Kama mwenzako hulalamika kwamba unasaga meno ukiwa usingizini, litaje hilo. Nguvu hizo huweza kuvunja jino jipya au kulegeza skrubu.

Na mama mjamzito? Pengo haliui. Ni heri kungoja mpaka ajifungue.

Kwa wanafunzi na wazazi wao

Huenda wewe ni mwanafunzi wa sekondari uliyepoteza jino la mbele uwanjani, kwa kupigwa na gongo la hoki au kiwiko cha mwenzako. Unaona wenzako wanakucheka na unawasihi wazazi wakununulie kipandikizi likizo hii.

Wazazi wako wakikataa, wana haki. Taya la kijana bado linakua, na meno husogea pamoja nalo. Kipandikizi hakisogei, kwa kuwa kimeshikamana na mfupa. Ukipandikizwa ukiwa na miaka 14, baada ya miaka michache jino hilo litaonekana fupi kuliko wenzake, kana kwamba limezama. Ndiyo maana madaktari hungoja hadi ukuaji ukome, kwa kawaida karibu na miaka 18 kwa wasichana na baadaye kidogo kwa wavulana. Kwa sasa utatengenezewa jino la muda la kuvaa, na hakuna atakayelitambua usipomwambia.

Na kuna jambo ambalo kila mwalimu wa michezo angefaa kulijua. Jino la ukubwani likitoka lote kwa kugongwa, usilitupe. Lishike kwa upande wa juu, usiguse mzizi. Kama lina uchafu lisuuze kidogo, bila kulisugua, kisha lirudishe mahali pake na umwambie mwenye jino auume leso safi. Ikishindikana litie katika maziwa. Kimbia kwa daktari wa meno, ikiwezekana kabla ya saa moja kupita. Jino lililorudishwa mapema huweza kushika tena. Jino la utotoni halirudishwi.

Ni miezi, si siku

Wengi hudhani wataingia kliniki asubuhi na kutoka jioni na jino jipya. Sivyo ilivyo kwa kawaida.

Siku ya kwanza ni ya kuchunguzwa. Daktari hukagua fizi, hukuuliza kuhusu afya yako na kukupiga picha. Kwa kazi hii, picha bora ni ile ya kompyuta inayoonyesha mfupa wa taya kwa urefu, upana na kina. Usiione kuwa njia ya kukukamua pesa. Ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu unaoufanya mdomo wa chini na kidevu vihisi. Skrubu ikiugusa, mdomo huweza kubaki na ganzi kwa miezi, hata maisha. Katika taya la juu, juu ya magego, kuna mfuko wa hewa ambao haufai kutobolewa. Daktari asiyeona mambo hayo pichani anabahatisha.

Siku ya pili ni ya kupachika skrubu. Unadungwa sindano ya ganzi, ufizi unapasuliwa kidogo na mfupa unatobolewa. Wengi waliofanyiwa husema maumivu ni kama ya kung'olewa jino, na uvimbe huisha baada ya siku chache.

Kisha huja kungoja. Mfupa unahitaji kati ya miezi mitatu na sita kuishika skrubu barabara. Ndipo daktari hufunga kiungo, huchukua kipimo, na fundi akatengeneza jino la kudumu. Wapo wagonjwa ambao mfupa wao ni imara na huwekewa jino la muda siku ile ile, lakini jino hilo si la kutafunia nyama, na kazi haijaisha. Ukiahidiwa meno kwa siku moja, uliza ni ya muda au ni ya kudumu.

Pesa na maandishi

Bei hutofautiana sana kati ya kliniki na kliniki, na jijini Nairobi jino moja mara nyingi huvuka Sh100,000. Si ajabu watu kuchukua mkopo wa Sacco au kungoja zamu yao ya chama. Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha unajua ni bei ya nini.

Kuna wanaotangaza bei ya skrubu peke yake. Mgonjwa hufurahi, kisha baada ya miezi minne huambiwa kuwa kiungo ni pesa nyingine na jino ni pesa nyingine, ilhali picha na dawa hazikuhesabiwa. Wakati huo ana skrubu katika taya na hawezi kurudi nyuma. Omba hesabu nzima kwa maandishi, tangu picha ya kwanza hadi jino la kudumu. Uliza pia itakuwaje kipandikizi kikikataa: utarudishiwa pesa, utafanyiwa upya bila malipo, au hasara ni yako?

Usidhani kwamba bima italipa. Bima nyingi haziigusi kazi hii kwa kuihesabu kuwa ya urembo. Piga simu uulize mapema, na ujibiwe kwa barua.

Omba vilevile karatasi yenye jina la kampuni iliyotengeneza kipandikizi chako, aina yake na kipimo chake. Vipandikizi ni vya aina nyingi na vifaa vya kampuni moja haviingiani na vya nyingine. Kiungo kikilegea baada ya miaka minane na daktari wako amehama, karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia mwingine kujua atumie kifaa gani. Ihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Wako wanaosafiri hadi India au kwingineko kwa kuwa wamesikia kuwa ni rahisi. Huko kuna madaktari hodari, lakini kumbuka kuwa kazi hii hudai kurudi mara kadhaa, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Jino likianza kucheza ukiwa nyumbani Donholm, nani atalitazama? Weka nauli ya safari ya pili katika hesabu yako.

Nani akuguse?

Hapa Kenya, madaktari wa meno husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na hupewa leseni. Unaweza kulitafuta jina la daktari katika sajili ya baraza hilo kwenye intaneti kabla ya kumwendea. Fundi anayetengeneza meno ya bandia ana kazi yake muhimu, lakini kupasua taya si kazi yake.

Leseni peke yake haitoshi, kwa maana si kila daktari wa meno amejifunza kupandikiza. Muulize kwa adabu alisomea wapi kazi hiyo, amewafanyia wangapi, na kama anaweza kukuonyesha picha za kazi yake. Kuuliza si ujinga. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika.

Haliozi, lakini huugua

Hili ndilo wengi hawaambiwi. Jino la kupandikizwa haliozi, kwa hivyo wenyewe huliacha bila kulitunza. Lakini ufizi na mfupa unaolizunguka ni wako, na hao huugua. Ukoga ukijikusanya chini ya ufizi, wadudu hula mfupa pole pole mpaka skrubu ikose pa kushika.

Ubaya ni kwamba jino hili halina mishipa ya kukuonya kama jino la kuzaliwa. Laweza kuugua kwa miaka bila kukuuma. Kwa hivyo tazama dalili: ufizi mwekundu, damu unapopiga mswaki, usaha, harufu mbaya au skrubu kuanza kuonekana. Ukiona moja, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo. Jino likianza kucheza, mara nyingi huwa umechelewa.

Usidhani hili ni la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa, ambao ripoti yake ilitolewa 2015, ulionyesha kuwa karibu watu wazima wote waliokaguliwa nchini walikuwa na fizi zinazovuja damu. Ikiwa hivyo ndivyo tunavyoyatunza meno ya kuzaliwa, la kununua litaponea wapi?

Piga mswaki asubuhi na usiku, pitisha uzi wa meno au kiburashi chembamba ubavuni mwa jino hilo, na umwone daktari kila miezi sita. Na tafadhali, acha kufungua chupa za soda kwa meno, yawe yako au ya kununuliwa.

Si njia ya pekee

Kama pesa hazipo, au mwili hauruhusu, usikate tamaa. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu. Kuna pia daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno mawili ya jirani. Daraja halihitaji upasuaji, ila meno hayo ya jirani hupunguzwa kwa kusagwa.

Kama nyanya yako ni kibogoyo na meno yake ya bandia ya chini yanacheza kila anapotafuna, si lazima apandikizwe meno yote. Vipandikizi viwili tu katika taya la chini huweza kuyashika yasiteleze, na mzee akala nyama tena.

Na wakati mwingine pengo laweza kuachwa. Gego la nyuma kabisa lisiloonekana na lisilokuzuia kula huenda lisihitaji kuzibwa. Isitoshe, pengo halikuwa aibu kwa kila mtu. Waluo wa zamani walitoa meno sita ya chini kuonyesha kuwa kijana amekua, na Wamaasai walitoa mawili. Ziba pengo kwa sababu linakusumbua, usilizibe kwa sababu ya bango la barabarani.

Kata ukaende nayo

Haya ndiyo maswali ya kumuuliza daktari. Yakate uyatie kibetini:

1. Je, jino langu laweza kuokolewa badala ya kung'olewa?
2. Fizi zangu ni nzima, au zitibiwe kwanza?
3. Mfupa wangu unatosha? Naomba unionyeshe kwenye picha.
4. Kazi yote itachukua miezi mingapi, na kwa wakati huo nitavaa nini?
5. Bei nzima ni ngapi, kwa maandishi?
6. Kipandikizi kikikataa, nani atalipa?
7. Ni cha kampuni gani, na nitapewa karatasi yake?
8. Nikiacha kukifuata, kuna njia gani nyingine?

Ukijibiwa yote na majibu yakakuridhisha, nenda nyumbani ukalale juu yake usiku mmoja, ukashauriane na mwenzako kuhusu pesa, kisha uamue. Pengo lililongoja miaka miwili laweza kungoja wiki moja zaidi. Na kama fizi zako zinavuja damu, anza na mswaki leo usiku, maana hiyo ndiyo sehemu ya matibabu ambayo hakuna daktari awezaye kukufanyia.